Mama Naye Alifunga Safari

Wengi wetu tulikifahamu tangu utotoni kitabu cha John Bunyan, kiitwacho kwa Kiswahili Safari ya Msafiri. Tulimpenda yule Mkristo mwenye mzigo mgongoni. Lakini jambo moja lilitukera: alipotoka nyumbani mkewe na watoto walimlilia arudi, naye akaziba masikio kwa vidole akakimbia. Tulipoolewa lilitukera zaidi. Watoto aliwaachia nani?

Basi msimu wa korosho uliopita, sisi akina mama saba wa Nachingwea na Ruangwa, tukitembeleana kwa zamu, tulisoma sehemu ya pili. Bunyan aliitoa mwaka 1684, miaka sita baada ya ile ya kwanza, na wakati huo watu wengine walikwisha kuchapa mwendelezo wa bandia. Mwenzetu mwalimu alisoma Kiingereza na kutueleza kwa Kiswahili, huku mikono yetu ikitenga korosho na mabibo.

Safari hii msafiri ni mke mtu, Christiana, na wanawe wanne. Mume amekwisha kuvuka mto. Mama anakumbuka jinsi alivyomfanyia ugumu wa moyo, analia usiku, kisha anapata barua ya Mfalme ya kumwita. Hapo mjane mmoja kati yetu aliacha kazi akasema, "Hebu rudia." Mwalimu akarudia. Ndipo akatuambia yale ambayo kwa miaka yote ya urafiki wetu hakuyasema: marehemu alipookoka, yeye alimcheka mbele ya watoto, akamficha Biblia, na mara mbili akamfungia mlango aliporudi kwenye maombi. Hawakuwahi kulizungumza mpaka akafa. Hatukuwa na la kumjibu. Tulilia naye, chai ikapoa.

Tulicheka pia. Wale vijana walichuma matunda yaliyoning'inia juu ya ukuta wa adui. Mama akawakanya, wasisikie. Nani kati yetu hana mtoto wa maembe ya jirani? Baadaye Mathayo, mkubwa wao, akashikwa na tumbo, tabibu akaitwa, na kijana akakataa dawa. Mama akaigusa kwa ncha ya ulimi, akamwambia ni tamu kuliko asali. Sisi tuliolelewa kwa klorokwini mama zetu walituambia hivyo hivyo, ila wao walidanganya!

Mwalimu alitueleza kwamba Bunyan alifungwa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Mwaka 1661 mkewe wa pili, Elizabeth, msichana tu, alisimama mbele ya mahakimu kumwombea. Alikuwa akilea watoto wanne wa marehemu mke wa kwanza, mmoja wao kipofu, na mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa amekufa. Watoto wanne, kama wa Christiana. Kwa maoni yetu Bunyan hakukibuni kisa hiki hewani. Alijua ni nani aliyebaki na watoto.

Bado baadhi yetu hawajamsamehe kwa vile vidole masikioni, na mabishano yaliendelea hadi kituo cha basi.

Mara ijayo ni zamu ya Nachingwea kwenda Ruangwa. Zimebaki kurasa za mtoni, Christiana anapoitwa kuvuka. Mjane wetu ameomba tusizisome bila yeye.