Nilikuwa 'Redio' ya nyumba ya wasichana saba

Wasomaji wangu, kama hujawahi kuishi na wasichana saba kwenye nyumba yenye bafu moja, usijisifu kwamba unaijua foleni. Foleni ya benki mwisho wa mwezi ni mchezo wa watoto. Foleni ya kweli inaanza saa kumi na moja alfajiri, na wanaojipanga si watu, ni ndoo! Ndoo nyekundu mbele, ya bluu inafuata, halafu ile iliyokatika mkono, na ole wako uisogeze ndoo ya mwenzio hata kidogo. Utasikia sauti toka chumbani, mtu hata macho hajafumbua: "Nani huyo anagusa ndoo yangu?"

Mwenzenu nimeishi maisha hayo miezi kumi na moja, mwaka 2022, mjini Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu... tuyaache hayo. Binamu yangu alikuwa anasoma uhazili kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora. Wakubwa wanakijua kwa jina lake la zamani, Chuo cha Uhazili, na ukiingia ofisi yoyote ya serikali ukamkuta sekretari mtu mzima mwenye miwani, muulize alisoma wapi. Mara nyingi atakutajia Tabora. Basi binamu akaniambia njoo tugawane kodi ya chumba, nawe utatafuta cha kufanya mjini. Nikafunga begi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne vya kupangisha, na mwenye nyumba, bibi mmoja mstaafu, aliishi kwenye banda la uani. Wenzangu sita wote walikuwa wanachuo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa "raia". Walilisema neno hilo kwa utani na nilicheka nao. Baadaye ndilo lililoniponza.

Majina hatukuitana, tuliitana kwa makwetu. Kulikuwa na Urambo, Nzega, Sikonge, Kasulu na Ujiji, kisha binamu yangu na mimi. Ujiji alikuwa anaongea Kiswahili cha kuvuta utadhani kazaliwa Bagamoyo. Usishangae. Bagamoyo na Ujiji ni ncha mbili za njia moja, ile njia ya misafara ya karne ya 19, ya pembe za ndovu na watumwa, na katikati yake ndiyo Tabora. Msafara ukifika hapo ulikuwa haupiti tu. Watu walipumzika, wakatafuta wapagazi wapya, wakasubiri vita vipoe njiani, na wengine walikaa miezi. Burton na Speke walifika Novemba 1857. Livingstone naye mwaka 1872 alikaa pale Kwihara, nje kidogo ya mji, tangu Februari mpaka Agosti, sehemu kubwa akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani.

Tulikwenda kuliona hilo tembe Jumapili moja, kwa bodaboda, mishikaki. (Trafiki asome aruke aya hii.) Tulipotoka Urambo akasimama chini ya mwembe akasema: "Kumbe hata mzungu alikaa hapa anasubiri kutumiwa toka kwao, kama sisi!" Tukacheka mpaka dereva wa boda akauliza kuna nini.

Na si Livingstone tu. Wale wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo toka bara mpaka pwani, walikuwa wakijigawa katika vikundi vidogo walivyoviita kambi. Kambi moja, chungu kimoja, mnapika pamoja na kulala pamoja. Sisi tulikuwa nazo mbili: kambi ya mchele na kambi ya dona. Kambi ya mchele ilikuwa inakula vizuri mpaka tarehe kumi, halafu inahamia kwetu wa dona na nsansa za karanga, kimya kimya, kila mtu na sahani yake mkononi. Tunawapa. Ungefanyaje?

Viatu navyo vilikuwa vya umma. Nzega alikuwa na jozi moja nyeusi yenye kisigino kifupi, heshima tupu, namba 38. Watu wanne waliombea nafasi ya mazoezi ya kazi kwa viatu hivyohivyo. Kasulu anavaa namba 40. Aliingia ofisi ya watu anakanyaga kama kuku kwenye mchanga wa moto, na nafasi akapata!

Wageni wa kiume mwisho ulikuwa barazani, na saa nne usiku geti linafungwa. Mchumba wa Sikonge, fundi simu, alikuwa akija na chipsi za mtu mmoja mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akaelewa somo. Ukimchumbia mmoja kwenye nyumba ile unalisha saba, na hao sita wengine ndio watakaokaa usiku kujadili kama unafaa. Yeye alipita, kwa kura tano. Mimi nilimpinga, na bado nina sababu zangu.

Mmeona kwenye filamu jinsi wasichana wa vyuo Marekani wanavyoishi kwenye nyumba za umoja wao zenye majina ya herufi za Kigiriki? Wanaitana dada, wana rangi zao na siri zao. Ule umoja wa kwanza wa wasichana weusi, Alpha Kappa Alpha, ulianzishwa mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais, ni mmoja wao. Sisi herufi za Kigiriki hatukuwa nazo. Lakini siri tulikuwa nazo, na herufi zake zilikuwa za hatimkato.

Hatimkato ni yale maandishi ya mkato ya masekretari. Yale ya Mwingereza Isaac Pitman, aliyeyatoa mwaka 1837, yanakwenda kwa mistari na nukta: mstari mwembamba ni 'p', ukiukoleza unakuwa 'b'. Ukiyatazama utadhani kuku kakanyaga wino akapita kwenye daftari. Usicheke, maana ndiyo yalikuwa mlango wa ajira. Matangazo ya kazi ya sekretari serikalini yalitaka mtu aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Mia kwa dakika! Na maneno ya Kiswahili mnayajua yalivyo marefu. Wengi walikwama themanini. Wakilala wanaota themanini.

Hapo ndipo "raia" nikapata kazi. Mazoezi yanahitaji mtu wa kusoma kwa sauti, kasi ileile, bila kukimbia wala kulegea, na wao kwa wao walikuwa wanaoneana huruma. Mimi sikuwa na huruma. Nilichukua magazeti ya zamani, yale ya kufungia maandazi, nikahesabu maneno na kuweka mkato wa penseli. Kwa kasi ya themanini, mkato kila baada ya maneno 20. Kwa mia, kila baada ya maneno 25. Halafu nasoma macho kwenye simu, kila mkato niufikie kwa sekunde 15, si zaidi si pungufu. Kila usiku baada ya kula: taarifa za pamba, hotuba za mawaziri, matangazo ya vifo. Penseli sita zinakwaruza, mimi nakwenda tu. Wakaniita Redio.

Wenzenu nilijisikia! Mtoto aliyeangushwa na mitihani, leo wanachuo sita wananiangalia mdomo wasipitwe. Nadhani hata hii kazi ya kuandika ilianzia pale, maana ukisoma magazeti kwa sauti usiku mia moja utajua tu sentensi ipi inapumua na ipi inakufa.

Tatizo ni kwamba hatimkato yenyewe sikuijua. Nao walizoea kuandikiana vikaratasi hivyohivyo, wakiwa wanapika, wakiwa wanasukana Jumamosi. Mmoja anaandika, mwingine anasoma anaangua kicheko, mimi nimeshika kitana naangalia miguu ya kuku. Mwanzoni niliuliza. Baadaye niliacha.

Sasa njooni kwenye kasheshe.

Moshi wa mkaa ulikuwa umetuchosha, tukaamua kuchanga tununue jiko na mtungi wa gesi. Shilingi elfu kumi na mbili kila mtu, elfu themanini na nne jumla, zikakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la jikoni. Alhamisi jioni binamu yangu akashusha kopo ili Ijumaa tukanunue. Akalifungua. Akaliinamisha. Akalipiga na kiganja chini, kana kwamba pesa zimeganda.

Hakuna aliyesema mwizi. Naapa, neno hilo halikutamkwa ndani ya nyumba ile. Walitazamana wao sita, wakamaliza, na hakuna aliyenitazama mimi. Usiku ule hawakuniita kusoma. Vikaratasi vilitembea. Asubuhi Kasulu alikuwa na kufuli jipya kwenye sanduku lake, na sabuni ambayo siku zote ilibaki bafuni ikawa inaingia na kutoka na mwenyewe. Usiku wa pili nikamwona binamu yangu, tunayelala kitanda kimoja, mtoto wa mama yangu mkubwa, anaisukuma pochi yake chini ya mto. Alidhani nimelala.

Jumamosi zamu ya kufagia uwanja ilikuwa yangu. Nafagia huku nahesabu nauli ya kurudi nyumbani. Bibi mwenye nyumba alikuwa kakaa kwenye kigoda chake anachambua mchele, nikamsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia. Fagio likazoa kikaratasi kilichochanwa nusu, miguu ya kuku imejaa. Nikakitazama kwa hasira. Bibi akanyoosha mkono.

"Lete hicho, mjukuu wangu."

Akavaa miwani. Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. "Mm," akasema, "kopo... usiseme... mwisho wa mwezi..." Kisha akasonya. "Mstari mnene na mwembamba wote sawa! Kwa mkono huu hafikishi hata themanini."

Nilibaki na fagio mkononi. Miezi tisa nimeishi uani kwa bibi huyu, namwona kila siku na kanga zake na kuku zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza alistaafu kazi gani! Alikuwa mpiga chapa wa serikali, tangu enzi za mashine za kugongagonga. Wale wasichana walikuwa wanaviacha vikaratasi vyao kila mahali, wakimhesabu bibi kama mimi, raia.

Kwa lile neno themanini nikamjua mwandishi. Msiniulize ni nani, sitasema. Nitasema tu kwamba wiki ileile alikuwa amemaliza kulipa ada aliyokuwa akidaiwa, asije akazuiwa kufanya mtihani, na sote tulimpongeza, soda tulikunywa. Kikaratasi aliandikiwa nani, hilo silijui. Wanaojua kusoma hatimkato ndani ya nyumba walikuwa sita, na binamu yangu ni mmojawapo. Hajaniambia mpaka leo na mimi sijamuuliza. Tunapigiana simu, tunasalimiana vizuri tu.

Jioni bibi akatuita wote chini ya mwembe. Nilitegemea atapayuka. Hakufungua mdomo. Akachukua kijiti, akainama, akachora mchangani mistari yake, mmoja mwembamba, mmoja mnene, nukta, kona, safi kama imechapwa. Mstari mzima. Wale sita wakasoma. Nikaona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine. Ujiji akaziba mdomo na kanga. Bibi akaufuta mchanga kwa ndala, akarudi kwenye mchele wake. Nilimuuliza baadaye aliandika nini. Akanijibu: "Si hukusoma uhazili wewe?" Akacheka peke yake.

Jumapili asubuhi kopo lilikuwa na elfu sabini. Zile kumi na nne zilizobaki hazikurudi, tukaongezea elfu mbilimbili kila mtu, mimi pia, gesi ikanunuliwa. Kufuli la Kasulu lilibaki. Sabuni ilirudi bafuni Jumanne.

Samahani hakuna aliyeniomba. Sema Jumatatu usiku, baada ya kula, Nzega akaja mlangoni kwangu na daftari kifuani, anatazama chini. "Redio," akasema, "mtihani wiki ijayo. Njoo basi utusomee."

Nikakaa kidogo. Kisha nikatoka na gazeti langu. Walikuwa wamekwisha kaa kwenye mkeka, penseli zimechongwa. Wakategemea mia. Mimi mikato yangu nilikuwa nimeiweka mchana kutwa, kila baada ya maneno 35.

Nikawasha saa ya simu nikaanza kusoma. Hakuna aliyelalamika.