Mkoba wa Mama Mdogo

Msomaji mwenzangu, sisi tuliomaliza fomu foo tukabaki Kibiti na madaftari ya riwaya zisizokwisha, tunajifunza mengi kwa kusikiliza wakubwa. Juzi mama mdogo alikuja kutoka Dar na jambo jipya: anataka kudungwa sindano ya kuondoa makunyanzi. Bibi, mzaliwa wa delta ambaye jua la Rufiji na moshi wa kubanika samaki vimemchora uso mzima, alicheka hadi kanga ikamdondoka.

"Mwanangu, unataka kufuta umri?"

Mimi sikucheka. Kilichonishtua ni mkoba wake: aspirini ya kila siku aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E na kitunguu saumu.

"Hivi vingine si dawa bwana, ni virutubisho tu," alisema.

Nikaanza kusoma. Sindano yenyewe, Botox, ni sumu ya bakteria inayotolewa kwa kipimo kidogo mno. Inauzuia mshipa wa fahamu usiuamuru msuli kujikunja. Marekani waliiruhusu kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na nguvu yake huisha baada ya miezi 3 hadi 4 hivi. Sasa, aspirini huchelewesha damu kuganda, na virutubisho vile vinaweza kuongezea. Sindano ikipita, damu inavilia chini ya ngozi, uso unakuwa kama wa mtu aliyepigwa. Zito zaidi ni jentamaisini, ile antibayotiki ya sindano: nayo hudhoofisha mawasiliano ya mshipa na msuli, hivyo yaweza kuizidishia sumu nguvu, hata kumeza na kupumua kukawa kazi.

"Basi naiacha aspirini wiki mbili," akasema mama mdogo.

Hapo nikaogopa kwelikweli. Damu iliyovilia hupona kwa siku chache. Moyo ukisimama ni msiba. Dawa ya moyo haiachwi mpaka daktari aliyeiandika aseme. Nikamwomba tuorodheshe kila anachomeza, hata mizizi ya Bibi, akamwonyeshe daktari kabla ya sindano yoyote. Alinuna, lakini karatasi aliichukua.

Jamani vijana, mama zetu wakija na habari za urembo tusiwacheke. Tuwaulize kwanza wanameza nini.