Ukuta wa Altare na Ujira wa Mchoraji



Wapendwa waamini, tangu lilipotolewa tangazo la Dominika iliyopita kuhusu mchoro wa ukuta ulio nyuma ya altare, wengi wamenijia, wengine ofisini na wengine njiani, wakiuliza jambo moja: imekuwaje rangi ya ukutani igharimu shilingi 3,239,000? Swali ni la haki, maana fedha hizo ni zenu. Nimeona vema tafakari ya juma hili ilijibu kwa kirefu, kwa kuwa ndani ya hesabu hiyo limo pia jambo la imani.

Mchoraji ni kijana wa parokia yetu, mnamfahamu. Nilipomweleza tunachokitaka, yaani Karamu ya Mwisho yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 4.5, nilimwuliza bei yake. Akainamisha kichwa akasema, "Baba Paroko, nitapokea mtakachojaliwa." Jibu la namna hiyo huvutia masikio yetu, kwa sababu lina sura ya unyenyekevu, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ni rahisi kwa mfuko. Mimi lilinitia wasiwasi. Nilipomdodosa, alinieleza kwamba mwaka juzi alichora kuta za taasisi moja kwa majuma matano, na mwishoni akapewa nusu ya alichotarajia pamoja na cheti cha shukrani ndani ya fremu. Rangi alikuwa amezikopa dukani. Deni hilo alilimaliza kwa kuendesha bodaboda ya shemeji yake usiku, miezi minne mfululizo. Alikuwa amekwisha kuamua kuuza brashi zake.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake kuufanya ujira kuwa wa haki. Ipo haki ya maumbile iliyo juu ya makubaliano hayo: ujira umwezeshe mtu kuishi. Mhitaji akikubali kidogo kwa kuogopa kukosa vyote, kukubali kwake hakumwondolei mwajiri lawama. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1286, inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawalipe wafanyakazi ujira wa haki utakaowatosha wao na wale wanaowategemea. Paroko ni mmoja wa wasimamizi hao. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kijana yule, "Haya, tutaona."

Tuliketi ofisini alasiri nzima, tukiwa na karatasi na kalamu. Nilimwuliza kwanza: wewe, mkeo na watoto, pamoja na pango la nyumba na la kibanda chako cha kazi, mnahitaji kiasi gani kwa mwezi ili kuishi bila kukopa? Baada ya kuhesabu kwa vidole na kufuta mara kadhaa, alisema 600,000. Na kwa mwezi unapata siku ngapi za kazi yenye malipo? Akasema ni 15, pengine chini ya hapo. Hapo ndipo palipofichika kosa la wachoraji wengi. Hujilinganisha na kibarua anayelipwa kwa siku, wakasahau zile siku nyingine 15 za kutafuta wateja, kununua vifaa, kuugua na kungoja. Siku zenye malipo hazina budi kuzibeba zisizo na malipo. 600,000 kwa 15 ni 40,000 kwa siku.

Kisha tukahesabu siku za kazi. Michoro ya awali karatasini siku 6. Kupiga msasa, kuziba nyufa na kupaka rangi ya msingi siku 4. Kuhamishia mistari ukutani siku 3. Kupaka rangi zenyewe siku 21. Jumla ni siku 34, yaani 1,360,000. Rangi za akriliki, brashi na vifaa vingine 1,150,000. Mirunda na mbao za jukwaa 280,000, kwa maana hakuna atakayefikia mita 4.5 kwa kusimama juu ya benchi la kanisa, ingawa mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza hivyo. Msaidizi kwa siku 20, kila siku 15,000, ni 300,000. Juu ya yote hayo tukaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura, 309,000. Hesabu nzima ikafikia 3,399,000, ambayo kwa ukuta wa mita za mraba 27 ni karibu 126,000 kwa kila mita. Bei ya mita ni njia nzuri ya kulinganisha kazi moja na nyingine, lakini isiwe mwanzo wa hesabu. Mita moja yenye anga tupu haifanani na mita moja yenye nyuso nne za Mitume.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Antonino, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Firenze na kufariki mwaka 1459, aliandika kwamba wachoraji hudai kulipwa kwa kadiri ya ujuzi na uzoefu wao kuliko kwa wingi wa kazi, na hakuona kwamba dai hilo halina msingi. Katika mji huohuo, mwaka 1485, mchoraji Domenico Ghirlandaio alitiliana saini mkataba wa picha ya Mamajusi kwa ajili ya altare ya nyumba ya watoto yatima. Ilikuwa picha ya ubao, siyo ya ukuta, lakini mkataba wake unafaa kusomwa na kila kamati ya ujenzi. Bei ilitajwa, florini 115. Muda ulitajwa, miezi 30. Hata rangi ya buluu iliandikwa iwe ya thamani gani kwa wakia. Naye Michelangelo, alipoanza kazi ya dari la Kikanisa cha Sisto mwaka 1508, alipokea kwanza dukati 500 kama malipo ya awali. Hata hivyo mwanzoni mwa 1509 alimwandikia baba yake akilalamika kwamba kwa muda mrefu hajapata fedha kwa Papa. Ikiwa Papa Yulio II alichelewesha malipo, paroko ajihadhari.

Katika kikao cha Halmashauri ya Walei yalitolewa mapingamizi mawili. La kwanza: bango la kuchapwa lenye picha hiyohiyo lingepatikana kwa bei ndogo sana. Ni kweli. Lakini bango hupauka, hukunjamana, na picha yake ni ileile inayoning'inia kila mahali. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora maisha ya Kristo katika kanisa la ndugu zetu Waanglikana huko Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alimchora Bwana kati ya watu na vilima vya mahali pale. Hicho hakinunuliwi kwa mchapaji.

Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitoka kwa mzee ninayemheshimu sana. "Baba Paroko, huyu ni mtoto wetu. Tumembatiza hapa. Kwa nini asimtolee Mungu kazi ya mikono yake?" Nilimjibu kwamba sadaka ni kitu anachotoa mwenyewe, tunachomkata sisi kina jina jingine, na Mtakatifu Yakobo anapozungumza juu ya ujira uliozuiliwa wa wavunaji hatumii neno sadaka. Tena, mtu hawezi kutoa sehemu ya asichokijua kipimo chake. Ndipo nikapendekeza utaratibu ambao sasa ninautaka kwa mafundi wote wa parokia: ankara ibebe bei kamili, na chini yake fundi aandike, kama anapenda na kwa kiasi apendacho, sadaka yake. Kijana wetu alikwenda nyumbani, akashauriana na mkewe, akarudi ameandika: sadaka, siku nne, 160,000. Mzee alipoisoma karatasi ile alinyamaza, kisha akaomba kalamu na kuahidi kugharimia mirunda.

Mkataba una kurasa mbili. Malipo ni ya awamu tatu: 1,450,000 kabla ya kuanza, ili rangi na jukwaa visinunuliwe kwa mkopo, 900,000 mistari ikiisha kuhamishwa ukutani, na 889,000 kazi ikikamilika. Mchoro wa karatasi ukishakubaliwa kwa saini, badiliko lolote litalipiwa siku zake. Kifungu hicho tumekiweka kwa sababu mfadhili mmoja amekwisha kudokeza kwamba Mtume Andrea angependeza kama angefanana naye. (Katika picha za kale wafadhili walichorwa wamepiga magoti pembeni, wadogo; sikumwambia hivyo.) Paa linalovuja upande wa sakristia litengenezwe kwanza kwa gharama ya parokia, na lipu mpya iachwe ikauke majuma manne, la sivyo unyevu na chumvi vitabandua rangi. Jina la mchoraji na mwaka vitaandikwa chini, kona ya kulia.

Awamu ya kwanza imelipwa Jumatatu, na hati yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwa awamu ya pili bado tumepungukiwa 410,000. Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo wataleta bahasha zao kwa mhazini kabla ya Dominika ya tatu ya mwezi.

Wenu katika Kristo,
Paroko