Mtwara: Nilikwenda na vidonge, nikapokewa na mabibo

Kwa sisi watoto wa Dar, ukitaja Mabibo mtu anafikiria kituo cha daladala, hosteli za wanachuo na foleni. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, mpaka Novemba moja nilipotia mguu Mtwara. Kule mabibo hayana konda. Yananing'inia mitini, mekundu na ya njano, korosho ikiwa imejishika kwa chini kama hereni, na mengine yametapakaa ardhini nzi wakifanya sherehe.

Safari yenyewe haikuwa ya kujirusha. Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Msimbati na aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, alinipigia simu. "Kaka, kliniki wameniambia damu yangu ndogo." Basi bwana, na mimi kaka wa mjini nikajifanya daktari. Nikaingia duka la dawa, nikaulizia vidonge vya vitamini C, vile vikubwa vya kuchemka kwenye glasi ya maji, miligramu 1,000 kila kimoja.

Muuzaji, sista duu mmoja mwenye kucha ndefu ile mbaya, akanionyesha na kichupa kingine. Hicho kiliandikwa kwamba vitamini yake ni ya asili, imetoka kwenye matunda. Bei yake mara tatu! "Hiyo nyingine ni ya kiwandani, kaka. Ya asili ndiyo inayoingia mwilini," akanimwagia sera. Mapene hayakutosha. Nikachukua ya kiwandani huku roho ikiniuma, naona kama nampelekea mdogo wangu feki.

Dar mpaka Mtwara kwa basi ni kutwa nzima. Unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unaipita Nangurukuru, unaipita Lindi, na mgongo ukishaanza kulalamika ndipo unaiona Mikindani, mji mkongwe uliojikunja kando ya ghuba yake, mashua zimelala majini. Kutoka hapo Mtwara mjini ni pua na mdomo. Nikalala, asubuhi nikapanda gari la kwenda Msimbati kupitia Madimba kwenye mitambo ya gesi. Njia nzima ni mikorosho na minazi, halafu mchanga, halafu ghafla bahari ya buluu mpaka unataka kuifuta macho. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukifuata pwani kwenda kusini, unakuta mikoko na mto wenyewe ukiingia baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Shambani kwa shemeji nilikuta kazi imepamba moto. Kinamama wanaokota, wananyonga korosho kutoka kwenye tunda, korosho inaingia ndooni, bibo linatupwa. Korosho inakwenda mnadani, lakini bibo likianguka halidumu, siku moja mbili limeharibika. Kiasi fulani kinakamuliwa na kuachwa kichachuke kiwe uraka, pombe ya msimu. Yaliyobaki yanaoza.

"Chukua tu shemeji, hilo halina bei," shemeji akaniambia.

Nikang'ata. Maji yakanitiririka mpaka kiwikoni, matamu, halafu ukakasi ukanishika ulimi kama nimelamba chaki. Fulana yangu nyeupe ikapata ramani. Mama mkwe wa mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Pole baba. Doa la bibo halitoki. Utaondoka nalo mpaka Dar." Kisha akanionya nisiguse maganda ya korosho mbichi kwa mdomo, mafuta yake yanababua.

Jioni nikatoa vidonge vyangu kwa mbwembwe. Mdogo wangu akafurahi kweli. Halafu akasema neno lililonitoa jasho: "Afadhali kaka. Vile vya kliniki vya kuongeza damu nimeviacha wiki mbili sasa, vinanitia kichefuchefu. Nitatumia hivi."

Jamani! Vitamini C haina hata chembe ya madini ya chuma, na chuma ndiyo inayotengeneza damu. Hilo nilikuja kulielewa kesho yake kwenye zahanati, mbele ya nesi mmoja mtu mzima. Alilichukua lile bomba, akalisoma, akaniangalia, akaangalia na doa kwenye fulana.

"Kaka, mabibo yameisha kwenu?"

Nikaishiwa pozi. Nikamwambia ukweli, kwamba kilichokuwa kinaniuma ni kuwa nimenunua ya kiwandani badala ya asili. Akatikisa kichwa. Akasema vitamini C ni ileile, mwili hauulizi imetoka wapi. Anachotaka yeye ni mdogo wangu arudie vidonge vya damu leo hii, avimeze usiku baada ya kula ili kichefuchefu kipungue. Na hivyo havina mbadala, si bibo, si kidonge changu. Vitamini C kazi yake hapo ni ya usaidizi: inausaidia mwili kuvuta chuma iliyomo kwenye kunde, maharage na mboga za majani, lakini sharti viliwe mlo mmoja. Kwa hiyo akila kunde, ale na bibo, au pera, au papai, au akamulie ndimu. Chai ya rangi aiweke mbali na mlo, maana inaizuia chuma.

Mtu wangu, niliporudi mjini nilichimba habari hii mpaka mwisho, na nesi yuko sahihi. Pwani yetu yenyewe ina ushahidi. Vasco da Gama alikatiza maji haya mwaka 1498 akitoka Kisiwa cha Msumbiji kwenda Mombasa na Malindi. Aliporudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wanakufa kwa kiseyeye: fizi zimevimba, miguu haibebi. Januari 1499 wakatia nanga Malindi, na kitu kimojawapo walichotuma mtu akalete pwani kilikuwa machungwa. Wengine walichelewa, wakafia palepale. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, akawagawa mabaharia wagonjwa 12 katika makundi ya wawili wawili. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka.

Lakini hakuna aliyejua ndani ya chungwa kuna nini mpaka Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipoipata ile asidi mwaka 1928. Mwaka 1933 Tadeus Reichstein, akiwa Uswisi, akapata njia ya kuitengeneza kwa kuanzia na sukari ya glukosi na kuwatumia bakteria katikati ya kazi. Hivyo kidonge unachotafuna leo, ambacho malighafi yake mara nyingi hutoka China, huenda kilianza maisha kama wanga wa mahindi. Na molekyuli inayotoka kiwandani ni ileile ya kwenye chungwa. Watafiti wamewapa watu zote mbili, wakapima damu, tofauti ya maana hawakuiona. Yule sista duu wa kucha alinizuga.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye kipimo na kwenye mfuko. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, mjamzito 55. Gramu 100 za chungwa zina kama 50. Za bibo zinafika 200 au zaidi, na pera nalo liko hukohuko. Yaani bibo moja la kutosha linamaliza kazi ya siku nzima. Kidonge cha 1,000 je? Mwili hauivuti yote, na hata hiyo iliyoingia sehemu kubwa unaikojoa. Unanunua mkojo wa bei mbaya! Ukizidisha zaidi ya 2,000 kwa siku, tumbo linaweza kukuharisha. Na tunda halileti vitamini peke yake, linakuja na maji, nyuzinyuzi na utamu wake.

Ila tusidanganyane kwamba cha asili ni kizuri siku zote. Vitamini C haipendi moto, hewa wala kukaa sana. Bibo lililoanikwa juani siku nyingi limeshapoteza sehemu kubwa. Uraka nao usiuite dawa, na mjamzito asiuguse kabisa. Msimu ukiisha, mabibo yameisha. Mgonjwa asiyeweza kula au baharia wa miezi mitatu bila tunda, huyo kidonge kidogo cha bei poa kitamfaa sana, wala asione aibu kwamba ni cha kiwandani.

Kilichoniuma zaidi ni kule kuokota korosho na kutupa bibo. Wataalamu wa utafiti wa kilimo pale Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, wamewafundisha watu kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Hata hivyo tunda lile bado linaoza chini ya miti, na mimi nilikuwa nimepanda basi kutwa nzima kupeleka bomba la vidonge mahali ambapo vitamini hiyo inakanyagwa.

Mdogo wangu alirudia vidonge vyake usiku uleule. Mchana kunde na mabibo, chai akaisogeza mbele. Kabla ya Krismasi akanitumia ujumbe: damu imepanda, kutoka 9 mpaka 10 na ushei, nesi anakusalimu. Sifa kubwa wapewe vidonge vya kliniki, bibo lipewe asante ya msaidizi. Aprili akajifungua salama mtoto wa kike.

Lile bomba nilirudi nalo Dar, naligawa nusu nusu siku ambazo sijaona tunda. Fulana yenye doa bado ninayo. Nikiivaa washikaji wananiuliza nimemwagikiwa na nini, nawajibu: Mabibo, lakini si kile kituo.