Nilitaka MiG, Bibi akaniuliza ni ya nani

NASEMA ukweli tangu mwanzo, msomaji, ili usinicheke katikati. Mimi kijana mzima wa miaka ishirini na sita, mmaliza kidato cha nne, mkazi wa Ijuganyondo hapa Bukoba, nilijinyima miezi saba ili ninunue ndege ya kuchezea.

Siyo ile ya kukunja karatasi. Nasema ndege ya umeme ya foami, yenye mota, betri na rimoti, inayopaa kweli na kukata kona angani. Tena nilitaka ndege ya vita. Washikaji waliposikia walisema nimechanganyikiwa, mshiko ule ungetosha kuanzia posa. Nikawaambia mchumba atapatikana, ndege kwanza.

Basi, rafiki yangu anayefuata mizigo Guangzhou akanirushia kwenye simu picha za ndege tatu. Akasema chagua moja upesi, mzigo haungoji mtu. Ya kwanza ilikuwa MiG-21 ya Mrusi, nyembamba kama mkuki. Ya pili Spitfire, ile iliyowasaidia Waingereza kuzuia ndege za Hitler mwaka 1940. Ya tatu T-28 Trojan ya Marekani, nene kama mtungi, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1949 na kutengenezwa kwa ajili ya kufundishia marubani.

Moyo ulikwenda kwenye MiG bila kuuliza. Sisi watoto wa Kagera tumelelewa na habari za MiG. Jioni nikaenda jikoni kumwonyesha Bibi, nikidhani atafurahi.

Bibi aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza:

"Hii ni ya kwetu au ya Amini?"

Nikabaki mdomo wazi. Nilijua vita ilikuwa mwaka 1978, lakini lile sikuwahi kulifikiria: pande zote mbili zilikuwa na MiG-21. Bibi akasema mtu uliye chini huoni bendera, unasikia ngurumo tu. Oktoba mwaka ule ndege za Amin zilikuja kuangusha mabomu Bukoba. Madhara hayakuwa makubwa, lakini kishindo kilivunja vioo vya madirisha na mji ukaingiwa na kiwewe. Bibi alimfunga mama yangu mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja, akatembea kwa miguu hadi kwa ndugu zake Kamachumu. Njiani kila ndege iliyopita alijitupa kwenye migomba, ya adui na ya kwetu sawasawa.

"Nunua unayotaka, mjukuu wangu," akasema akigeuza ndizi sufuriani. "Mimi nimeuliza tu."

Usiku ule sikulala vizuri, wee acha tu.

Kesho yake nikaenda kwa jamaa mmoja mwenye kompyuta yenye programu ya kujifunzia kurusha. MiG niliiangusha mara kumi na moja kabla ya saa ya chai. Sababu nilikuja kuielewa. MiG ya kuchezea haina propela mbele, ina feni ndani ya tumbo. Feni ile inakula betri, dakika tatu nne umekwisha. Tena haijui kwenda polepole. Ukipunguza mwendo tu, bawa moja linakata tamaa na ndege inadondoka kama parachichi bivu.

Spitfire nayo ni nzuri mno, lakini matairi yake yamekaribiana kama miguu ya mtu aliyebanwa na haja. Ikitua kwenye majani inalala kifudifudi na propela inavunjika. Trojan, yule mtungi, ndiye aliyenivumilia. Mabawa yake yameinuka kidogo kuelekea kwenye ncha, kwa hiyo ikipigwa na upepo inajirudisha yenyewe. Ina tairi la mbele chini ya pua, na betri inafika dakika saba nane ukiendesha kistaarabu. Wajuzi watakuambia ndege ya kwanza kabisa isiwe ya vita hata kidogo, iwe ile yenye bawa juu ya kiwiliwili. Wana haki. Lakini kama subira huna, kama mimi, chukua Trojan.

Nikalipia Trojan, roho kwatu. Nimepata ndege ya vita ambayo ni mwalimu tu, haina damu ya mtu.

Kumbe! Wakati naisubiri nikaanza kusoma habari zake. Mwaka 1964 na 1965 T-28 hizi hizi, zikiwa na bunduki na roketi, zilikuwa zikipiga waasi wa Simba huko Kongo mashariki, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Walioziendesha ni Wacuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na shirika la kijasusi la Marekani, CIA. Kwa hiyo kuna bibi mwingine kule aliyejitupa kwenye migomba kwa ajili ya mtungi wangu.

Nikaenda kuungama. Bibi alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainua panga lake.

"Na hili nilitupe? Nalo limeua watu huko duniani." Akaendelea na kazi. Kisha akasema, "Ila hizo nyota zao zibandue."

Nikazibandua. Ndege yangu ni nyeupe tupu.

Mjini sikuirusha. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko mjini, ukingoni mwa ziwa, na hakuna mtu hapa aliyeisahau Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoingia majini wakafa watu 19. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kanuni za vyombo visivyo na rubani ndani, usivirushe kienyeji. Niliuliza wanaohusika, nikapata ruhusa, tukaenda kwenye rweya nje ya mji saa moja asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Bibi akang'ang'ania kuja.

Mara ya kwanza ilichimba majani ndani ya sekunde chache. Ya pili ikapaa. Jamani, raha yake! Nikaizungusha, nikaileta ipite juu ya vichwa vyetu ili Bibi aione vizuri.

Hakuitazama. Aliinamisha kichwa, akanishika mkono kwa nguvu, macho chini. Mlio wenyewe si mkubwa kuliko wa nyuki.

Niliitua haraka, mikono inatetemeka. Tukakaa kimya. Baadaye akatoa kahawa kwenye pindo la khanga, akatafuna.

"Irushe tena," akasema. "Ila ipeleke kule, niione ikiwa mbali."

Nikaipeleka kule. Safari hii aliitazama mpaka betri ikaisha.

Msomaji, ukichagua ndege yako ya kwanza, chagua itakayokuvumilia ukikosea. Na ukishairusha, usiipitishe juu ya kichwa cha mtu kabla hujamuuliza. Mimi nililisahau hilo.