Kupiga Shanta

Mizani ya lango la Marangu ilisoma kilo 17 na nusu. Mpimaji alilishusha lile shanta kwenye ndoano, akaninyoshea kidole: lako. Lilikuwa la bluu, refu kama mtoto wa darasa la pili, limejaa mikanda na vibanio, na juu yake mtu alikuwa ameshonea vibendera vya nchi alizopita. Ilikuwa Desemba 2014. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa sijawahi kuupanda Kilimanjaro, mlima uliokuwa ukinitazama tangu nizaliwe. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Mbona si kila aliyezaliwa Bagamoyo ni mvuvi?

Mwenye shanta alikuwa mama mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, nywele nyeupe amezikata fupi. Alinifuata mwenyewe kunisalimia, jambo ambalo wageni wengi hawalikumbuki asubuhi ya kwanza, maana kila mtu anahangaika na viatu vyake. Akaniuliza: “Do you backpack?”

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kufaulia mtihani. Ndiyo, madam, ninalo moja, la kijani, liko nyumbani, zipu imekufa.

Alicheka mpaka akashika kiuno, si kwa dharau, na mimi nikacheka kwa heshima bila kujua tunacheka nini. Neno “backpack” nilikuwa nalijua. Ni kitu. Shuleni tuliimbishwa kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, na kitenzi ni neno la kutenda, na hiki kitu kilikuwa hapo miguuni pangu kimelala kifudifudi vumbini. Kumbe mama wa watu alikuwa ananiuliza kama na mimi huwa nasafiri kwa mtindo ule: mtu na begi lake mgongoni, leo analala huku, kesho kule, fedha anazihesabu. Wenye lugha ya Kiingereza walikuwa wamechukua mgongo na furushi, wakaviunganisha kuwa jina la begi, kisha begi lenyewe wakalituma likafanye kazi ya kitenzi. Hawakuliongezea kiambishi hata kimoja.

Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita kule mlimani, tulikuwa tumeshaanza kufunga mizigo. Katika kundi letu alikuwemo mzee mmoja tuliyemwita Babu, ingawa sidhani kama alikuwa amefika hamsini.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ngata unayo?”

Sikuwa nayo. Akavua skafu yake, akaizungusha vidoleni mara tatu, akaikandamiza juu ya utosi wangu. Kisha akanifundisha jambo ambalo mwalimu wa Kiingereza angelipenda: shanta la mgeni halikai mgongoni. Mgongoni unavaa begi lako mwenyewe, lenye nguo zako na blanketi. La mgeni unalitia kwenye mfuko mkubwa wa kuzuia mvua, unalitwika kichwani au unalilaza shingoni, mkono mmoja umelishika. Kwa hiyo kitu kilichopewa jina la mgongo kilipanda Kilimanjaro juu ya kichwa changu.

Msitu ule wa chini nilikuwa nikiuona tu kwa mbali, rangi ya kijani kibichi chini ya mawingu. Ukiwa ndani una giza la mchana na unanuka majani mabichi. Mbega walikuwa wakiruka juu yetu na mikia yao myeupe, lakini mwenye mzigo kichwani hatazami juu. Niliwajua kwa kelele zao na kwa vidole vya wageni. Shingo iliuma kwa nusu saa ya kwanza, kisha ikaacha kuuma, kisha ikaanza upya mahali pengine. Ili nisiifikirie nikawa nahesabu njia za kubeba tulizonazo sisi. Kichwani unajitwika. Begani unapagaa, na ndipo alipotokea mpagazi. Wale Wanyamwezi waliopiga miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wazungu waliwaandika “pagazi” vitabuni mwao bila kutafsiri. Mtoto mgongoni unamweleka, na ile nguo ya kumwelekea inaitwa mbeleko. Mapajani unampakata. Kwetu kitendo hutangulia, halafu kitu kinapata jina kutoka kwenye kitendo. Kwa yule mama mambo yalikwenda kinyume: begi kwanza, safari baadaye.

Tulifika kambi ya Mandara, karibu mita 2,700, alasiri. Jikoni nikasimulia habari ya zipu yangu iliyokufa. Wagumu wakaangua kicheko, na mpishi, mtu wa Tanga asiyeishiwa maneno, akageuza ugali huku akisema tatizo langu ni kwamba sikujua kupiga.

“Kupiga nini?”

“Kupiga! Mzungu ana pasi, pasi hiyohiyo anaifanya kitenzi. Ana mswaki, anaufanya kitenzi. Ana simu, vilevile. Sisi hatuna haraka hiyo. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu. Hata deki tunapiga.”

Alisema kweli. Hiyo deki ni sakafu ya meli ya Waingereza. Ilishuka bandarini pamoja na mabaharia waliozoea kuisugua, na ilipofika nchi kavu Kiswahili kikakataa kuiachia itende kazi peke yake. Kikaipa msimamizi, kupiga, yuleyule anayesimamia picha, chafya, kura na soga.

“Basi wewe leo,” mpishi akamaliza, “umepiga shanta.”

Ikawa hivyo hadi siku ya mwisho. Asubuhi badala ya salamu: “Umepiga shanta?” Na lazima ujibu: “Nimepiga.”

Kambi ya Horombo, karibu mita 3,700, tulikaa siku mbili ili wageni wauzoee mwinuko. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea maji ya moto ya kunawa na kukusanya vyombo, na mama yule alikuwa na mazoea ya kunizuia kidogo mezani. Siku hiyo ya kupumzika waliamka mapema kwenda kutembea kuelekea upande wa kilele cha Mawenzi, na kabla hawajaondoka akaniuliza kama wagumu “have breakfasted”. Nikasimama na beseni mikononi. Neno lile la chakula cha asubuhi, akanieleza, lina maneno mawili ndani yake, kuvunja na mfungo, na kitenzi kile cha kuvunja kwa wakati uliopita hubadilika sura. Lakini kikishagandishwa ndani ya jina, hakibadiliki tena. Hakuna anayekivunja. Mwisho wa neno zima ndiko kunakobandikwa alama ya wakati uliopita, kama begi: “backpacked”, “breakfasted”.

Nikamwambia sisi tuna kifungua kinywa. Akataka kujua kama tunaweza kusema nimekifungua kinywa. Hapana, ukisema hivyo watu watadhani umekwenda kwa daktari wa meno. Ila liko neno staftahi, ambalo ni chakula na ni kitendo cha kukila, umbo halibadiliki. Ni neno la watu wa pwani. Marangu tunauliza tu kama umekunywa chai, na chai hiyo inaweza kuwa na ndizi, mihogo na nyama ndani yake.

Kwa kweli na sisi tunao mchezo huohuo, nilikuja kuugundua baadaye nikiwa nahariri maandishi ya programu za simu, kazi niliyonayo sasa. Jibu ni nomino, na kujibu ni jibu hilohilo. Hesabu, dai, ripoti. Tofauti ni kwamba kitenzi chetu hakitoki nje bila walinzi: ni-, a-, -li-, -me-. Ukisikia “nimejibu” huna wasiwasi. Mwingereza humwachia msikilizaji kazi yote.

Jioni ile mama akanifungulia mlango mwingine, na hapo ndipo nilipoona jinsi lugha yake ilivyo na hila. Alikuwa na chupa ya chai mbele yake na kijiko mkononi. Alitaka kunionyesha kwamba si maneno yote ya kuunganishwa yanayofanana na shanta. Mengine yana kineno kidogo mwishoni, cha juu, nje au ndani, na hayo yakiwa jina hushikamana, yakiwa kitenzi huachana. Akachukua mazoezi ya kuchangamsha mwili tuliyokuwa tukiwaona wageni wakifanya kila asubuhi. Jina la mazoezi hayo ni “warm-up”. Kuyafanya ni “warm up”. Akagonga kifuniko cha chupa. Kwa jina, kijiko kilipiga kwa nguvu mwanzoni, kisha polepole: TA-ta. Kwa kitenzi, nguvu ilihamia mwishoni: ta-TA. Na wakati uliopita hubandikwa katikati, kwenye neno la kwanza, kama mtu anayechomeka kadi kati ya kurasa.

Nikajaribu. Ulimi wangu ulikataa. Sisi mkazo wetu una kiti cha kudumu, silabi ya pili kutoka mwisho, na hauinuki kumpisha mtu. Nilitamka yote mawili sawasawa, naye akagonga tena, TA-ta, ta-TA, mpaka wageni wa meza ya pili wakageuka.

Ndipo nikakumbuka barabara. Ukikaza pale penye ba ya pili, silabi moja kabla ya kumaliza neno, unapata njia ya magari. Ukirudisha mkazo nyuma silabi moja, unapata sawasawa, vizuri kabisa. Herufi zilezile. Nikamgongea kwa kijiko chake. Alifurahi kama mtu aliyeokota sarafu. Alipokwenda kulala nilimsikia gizani akijaribu, barabara, barabara, moja imepotoka na nyingine imenyooka.

Mara moja tu ndipo nilipomkatalia. Aliniambia kwamba wakishuka mlimani watakwenda Serengeti, “to safari for a few days”. Hilo neno ni letu! Sisi tulilipata kwa Waarabu, Waingereza wakalitwaa kwetu katika karne ya 19, na sasa lilikuwa limerudi nyumbani limevaa sare ya kazi nyingine. Kwa Kiswahili safari haifanywi kitenzi. Kitenzi ni kusafiri, irabu imebadilika, na mtoto wa chekechea anajua. Akaniahidi kwamba Serengeti atasafiri. Sijui kama alitimiza.

Kutoka Horombo hadi kambi ya Kibo njia ni kavu na ndefu, maji ya mwisho unayaacha nyuma, na katika tambarare ile kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo upepo unautafuta mzigo wako uuangushe. Sina mengi ya kusema kuhusu siku hiyo. Kichwa kiliniuma na nilitapika nyuma ya jiwe.

Usiku wa manane wageni walipanda na viongozi wao. Wagumu hatupandi, tunalala Kibo, karibu mita 4,700, tukingoja. Nililiona kundi lao kama mstari wa taa ndogo ukijipinda kwenye changarawe, kisha nikajifunika. Kwa hiyo nami, mwana wa Marangu, mahali alikotoka Yohani Kinyala Lauwo anayetajwa kumwongoza Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, safari yangu ya kwanza iliishia zaidi ya mita elfu moja chini ya kilele cha Uhuru.

Mama alirudi saa nne asubuhi, midomo imepasuka. Alifika Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, miguu ikakataa kwenda mbele. Kibegi chake kidogo kilikuwa mgongoni mwa kiongozi msaidizi tangu saa nane usiku. Akaketi kwenye jiwe, nikampa chai ya tangawizi, akasema kwamba safari hii atashindwa kuwaambia marafiki zake kuwa aliifanya kwa begi mgongoni, maana hakubeba kitu. Akaniuliza kama Kiswahili kina neno la hali yake.

Nikamwambia: ulibebewa.

Akatoa kijitabu, nikamwandikia hatua kwa hatua. Beba. Bebea: kubeba kwa niaba ya mwingine. Bebewa: ni wewe ambaye mwenzio amekubebea mzigo, na mbebaji yumo ndani ya neno hata kama hajatajwa. Alijaribu kulipeleka Kiingereza. “I was backpacked,” akasema, akasita. “I was backpacked for.” Akatikisa kichwa. Hilo shanta lake lilikuwa kitenzi hodari cha kuzunguka dunia nzima, lakini halikuweza kumgeukia mwenye kulibeba. Akaandika bebewa tena kwa herufi kubwa, akaipigia mstari, kisha akasinzia pale pale kwenye jiwe, kalamu mkononi.

Tulishuka siku mbili. Langoni yule mama alinipa tipu yangu, na juu yake skafu nzuri ya sufu, akisema ni ya ngata. Skafu ya Babu nilimrudishia, naye akainusa akaniambia nikaifue kwanza.

Nilifika nyumbani jioni, mama yangu anamenya ndizi uani. Akaniuliza siku zote sita nilikuwa nafanya nini huko juu. Nilikuwa na maneno mengi kichwani, nikachagua lililonipendeza kuliko yote.

“Nilipagaa, mama.”

Kisu kikasimama. Akaniangalia machoni, jicho moja kisha la pili.

“Umepagawa? Na nini?”