Miti ya Nyumba ya Babu

Nyumba ya babu pale Nyarugusu, Geita, ilijengwa katika miaka ya Operesheni Vijiji, kaya zilizotawanyika porini zilipotakiwa kusogea kando ya barabara. Wengi walijenga upya msonge wa nyasi waliouzoea. Babu alitaka nyumba ya pembe nne, yenye chumba cha mbele cha kufanyia biashara. Saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, hivyo kila kitu kikategemea miti.

Nguzo zilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Zilichomwa moto upande wa chini mpaka zikawa nyeusi, zikapakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa, ndipo zikasimikwa. Fito zikapigwa nje na ndani, zikafungwa kwa kamba za magome ya miyombo, katikati pakajazwa mawe na udongo. Kisha ukuta ukakandikwa na kupakwa chokaa. Nyuma ya mlango wa mninga chokaa ilikuwa imebanduka, na utotoni nilipenda kugusa fundo moja la kamba lililoachwa wazi pale. Lilikuwa limekauka, gumu kama mfupa, wala halikuwahi kulegea. Babu alisema miti yote hiyo aliikata jirani tu. Alitoka alfajiri na kabla ya jua la utosi alikuwa amerudi na mzigo.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi mkubwa wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966. Kwetu, mambo yaligeuka serikali ilipowafungulia njia wachimbaji wadogo, na Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu yao mwaka 1990. Watu wakamiminika. Chumba cha mbele akapanga mnunuzi. Uani kina mama wakawa wanatwanga mawe kutwa nzima, na vumbi lake likakaa juu ya kenchi hadi leo.

Kila duara la kuchimbia dhahabu lilihitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo zisiporomoke. Shimo moja refu lilimeza miti mingi kuliko nyumba yetu nzima, na dhahabu ikikata, miti inabaki humohumo ardhini. Naamini msitu wa babu uko chini ya miguu yetu, umesimama gizani.

Kwa hiyo mchwa walipoishinda nguzo ya pembeni, baba wadogo walizunguka kutafuta ya kuirudishia, wakakosa. Wakajenga ukuta ule kwa tofali za kuchoma. Mwaka mwingine ukafuata ukuta wa pili, kisha jiko na vyumba vingine. Husemwa kwamba tofali limetupunguzia kukata miti. Mimi sikubali. Tanuru huwaka usiku kucha kwa magogo, na mti ambao ungekaa ukutani miaka arobaini unakuwa jivu kabla ya asubuhi.

Jiko la zamani la uani lilipobomolewa alikuja mtu wa marudio, anayesafisha upya udongo uliobaki na dhahabu, akaomba kununua udongo wa sakafu, maana mawe yalitwangwa hapo miaka mingi na dhahabu huzama. Akaukwangua, akaujaza kwenye viroba, akaupakia. Nilimwonea uchungu mama, aliyekuwa ameisiriba sakafu ile kwa mikono yake. Uchungu mkubwa zaidi ni ule moshi wa zebaki, kwa sababu mnunuzi alikuwa akichomea dhahabu yenye zebaki chumbani, sisi watoto tukichungulia mlangoni. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013. Wakati huo sisi tulishakua.

Masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, Geita likiwa la kwanza, ununuzi wa chumbani kwetu ulikoma. Chumba cha mbele, ambacho sasa ndicho pekee chenye nguzo na fito za babu, kikabaki kitupu. Ndugu wanataka kuvunja na kusimamisha fremu za bloku, na siwalaumu, kodi ya fremu ni ada ya watoto. Nimeomba kibaki. Baba mdogo amekubali kwa sharti moja: “Nguzo ikioza, mwanangu, mti wa kuirudishia utautafuta wewe.” Ya upande wa barabara imeshaanza kulika chini. Nimeuliza mafundi wa Nyarugusu, nimeuliza Katoro, nimeuliza hadi Geita mjini, na wote wananionyesha milingoti ya kupandwa, myembamba, ya miaka michache.